Baba ameandika nyumba apewe mtoto mmoja: karatasi hiyo ina nguvu gani kwenye mirathi?

SWALI: Assalaamu alaykum, shehe. Baba yetu amefariki hapa Dodoma miezi miwili iliyopita. Ameacha mke mmoja (mama yetu), mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na kitinda mimba ni msichana wa miaka 12. Dada yetu mwingine alitangulia kabla ya baba, ameacha mtoto. Mali ni nyumba ya Chang'ombe, shamba la zabibu ekari mbili Mpunguzi, ng'ombe 20 walioko kwa ndugu Kondoa, na fedha benki. Tumekuta karatasi ya mkono wake yenye mashahidi wawili: nyumba apewe mdogo wetu wa kiume aliyekuwa akiishi naye, na madrasa ipewe shilingi milioni 2. Baba mdogo anasema mabinti tulioolewa hatuna chetu shambani, ndiyo mila, na kwamba msimamizi ni yeye. Mimi nimeolewa Singida. Karatasi ile tuifuate? Na tuanzie kwa kadhi au mahakamani?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mzee wetu na awape subira.

Karatasi ina mambo mawili na hukumu zake ni mbili. Milioni 2 za madrasa ni wasia sahihi, maana madrasa si mrithi na kiasi hicho hakifiki theluthi ya mali, ambayo ndiyo kikomo cha wasia. Nyumba kwa mtoto ni wasia kwa mrithi, na Mtume (s.a.w.) amesema: "Allah amempa kila mwenye haki haki yake, basi hakuna wasia kwa mrithi." Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Mashahidi wawili wanathibitisha kwamba baba aliandika. Hawawezi kukihalalisha kilichoandikwa. Kipengele hicho kitapita tu kama warithi wengine wataridhia, na waridhie baada ya kifo, wakiwa wakubwa wenye akili timamu na wanajua wanachokiachia. Atakayeridhia amejipunguzia fungu lake mwenyewe. Mdogo wenu wa miaka 12 ridhaa yake haihesabiki, na hakuna mtu wa kuridhia kwa niaba yake, hata mama. Kwa hiyo hata mkikubaliana nyote, sehemu yake ndani ya nyumba ile inabaki palepale.

Mdogo wenu anaweza kudai kwamba baba alimpa nyumba angali hai. Hiyo ni hiba, nayo haikamiliki mpaka akabidhiwe. Kama baba aliendelea kuishi humo kama mwenye nyumba, akipokea kodi ya vyumba vya uani na hati ikiwa kwa jina lake, hakukuwa na makabidhiano. Na kama aliitoa akiwa katika maradhi yaliyomuua, inahesabiwa kama wasia, tunarudi palepale.

Kuhusu baba mdogo. Wako watoto wa kiume, basi ndugu wa marehemu harithi chochote. Usimamizi ni jambo jingine: anaweza kuwa msimamizi mkimwamini, kama unavyoweza kuwa wewe uliyeolewa Singida. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, anayeteua ni mahakama. Hoja yake ya mila ina asili yake. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 liliandika mila za urithi za makabila yanayofuata upande wa baba, na humo binti yuko daraja la tatu, chini ya watoto wa kiume, na ardhi ya ukoo anaitumia bila kuiuza. Lakini hiyo ni ya mirathi inayoendeshwa kimila. Aliyeishi Uislamu, akaoa kwa ndoa ya Kiislamu na akazikwa Kiislamu, mahakama huangalia maisha yake hayo. Na kwa Muislamu, aya ya 7 ya Suratun Nisaa imefunga mlango: wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Aya haikutenga shamba.

Sasa hesabu, ila kabla ya hesabu ulizeni kipi hasa ni cha marehemu. Kama mama yenu aliuza ng'ombe wake akanunua mabati ya nyumba ile, au alichangia kiwanja, sehemu hiyo ni mali yake na inatoka kwanza. Thumuni yake, yaani fungu lake la moja ya nane, inahesabiwa kwenye kinachobaki. Wajane wengi hupoteza hapa, kwa sababu ukoo unahesabu kila kilicho uani kuwa cha mzee. Upande wa pili, zabibu zilizokuwa kwenye mizabibu siku ya kifo ni sehemu ya tirka, yaani mali aliyoacha marehemu, na madeni yanalipwa humo. Zitakazozaa baadaye ni za warithi kwa mafungu yao, baada ya kutoa gharama za dawa, kupogoa na vibarua. Na ng'ombe wa Kondoa kawahesabuni wiki hii mkiwa na shahidi wa kijijini, andikeni rangi na alama za kila mmoja. Ng'ombe aliye kwa ndugu huwa mwepesi sana kufa kwa ukame mwenye mali akishazikwa.

Thamani zenu hamkuzitaja, kwa hiyo natumia mfano, nanyi mtaweka tarakimu halisi. Nyumba milioni 60, shamba milioni 18, ng'ombe 20 kwa laki sita kila mmoja ni milioni 12, benki milioni 5.5. Jumla milioni 95.5. Bei iwe ya siku ya kugawana. Tangu serikali ihamie Dodoma viwanja vimepanda mno, na anayetaka kubaki na nyumba hupenda sana kutaja bei aliyonunulia mzee.

Yanayotoka kwanza: sanda, kaburi na kusafirisha maiti, tuseme 1,200,000. Kisha madeni: SACCOS milioni 6, duka la pembejeo 1,800,000, na mahari ya mama iliyobaki 500,000. Mahari isiyolipwa ni deni kama la duka, haimezwi na fungu lake la urithi. Zaka au hija iliyokuwa imemuwajibikia akafa hajaitekeleza, kwa madhehebu ya Imam Shafi, nayo ni deni linalotoka hapa. (Ng'ombe 20 hawana zaka, nisabu yao, yaani idadi ambayo zaka inaanzia, ni 30.) Pilau ya khitima haimo katika gharama za mazishi. Anayetaka kupika apike kwa fedha yake, maana katika mali hii kuna fungu la yatima. Jumla ya yanayotoka ni milioni 9.5, imebaki milioni 86. Theluthi yake ni zaidi kidogo ya milioni 28.6, kwa hiyo milioni 2 za madrasa zinapita bila kuomba ruhusa ya mtu. Za kugawa ni milioni 84.

Mke ana thumuni kwa kuwa kuna watoto. Mama mzazi wa marehemu ana sudusi, yaani moja ya sita, kwa sababu hiyohiyo. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume apate mara mbili ya wa kike. Ili kila mtu apate namba kamili, mali inapigwa mafungu 168: mke 21, bibi yenu 28, kila mtoto wa kiume 34, kila wa kike 17. Kwa milioni 84 kila fungu ni laki tano, basi mama yenu anapata 10,500,000, bibi 14,000,000, kila kaka 17,000,000, kila binti 8,500,000. Jumlisheni wenyewe muone kama inafunga. Fungu la bibi ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa kuwa ni mzee na hadai. Akifa kabla ya kugawana, fungu hilo si lenu: linakwenda kwa warithi wake, na hapo baba mdogo ataingia kwa haki.

Kugawa mafungu kwenye karatasi ni rahisi, shida ni nyumba isiyokatika. Mazishi, madeni na wasia ni milioni 11.5: fedha ya benki yote na ng'ombe 10 wakiuzwa zinatimia. Imebaki nyumba, shamba na ng'ombe 10. Mdogo wenu akitaka nyumba peke yake, fungu lake ni milioni 17, basi alete milioni 43 za wenzake. Hana? Kuna njia nyingine. Bibi na binti mmoja mkubwa wachukue shamba la Mpunguzi na ng'ombe 10, thamani milioni 24. Mafungu yao wawili ni milioni 22.5, warudishe milioni 1.5 kwa wengine. Nyumba ibaki ya mama, kaka wawili na mabinti wawili akiwemo yule mdogo, kila mmoja kwa kiasi chake, na kodi ya vyumba igawanywe kwa viwango hivyohivyo. Au iuzwe. Lakini mama bado yumo edani, miezi minne na siku kumi, msimtoe wala msiuze kabla haijaisha.

Dada mkubwa asiitwe barazani kuambiwa "waachie wadogo zako" mbele ya wazee. Aonyeshwe tarakimu yake kwanza, imkae mkononi kama haki yake, kisha akipenda atoe. Kuachia kwa kuona haya si ridhaa.

Mtoto wa dada yenu aliyetangulia harithi, kwa kuwa si miongoni mwa wenye mafungu na wapo watoto wa marehemu. Baba angeweza kumuusia hadi theluthi, hakufanya. Aya ya 8 ya sura hiyohiyo inawaelekeza warithi wawape kitu jamaa na yatima wanaohudhuria mgawanyo. Wakubwa mchangiane kutoka mafungu yenu, la mdogo lisiguswe.

Umeuliza kadhi au mahakamani: kote kuwili, kwa kazi tofauti. Tanzania Bara kadhi anawapa mafungu na anasuluhisha wanaoridhia. Benki na ofisi ya ardhi hazifanyi kazi kwa barua yake. Ombeni hesabu yake kwa maandishi. Kisha fungueni shauri Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi baba, yaani hapa mjini. Msifungue jalada la pili Kondoa kwa ajili ya ng'ombe, jalada moja linabeba mali zote, na majalada mawili huzaa wasimamizi wawili. Nendeni na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia na barua ya serikali ya mtaa. Katika maombi, yaani fomu namba 1, andikeni wazi kuwa marehemu ni Muislamu, mtaje warithi wote kwa majina, bibi na yule wa miaka 12 wakiwemo, na muambatanishe ile karatasi hata kama kipengele cha nyumba hakifanyi kazi. Kuificha ndiko kunakoleta kesi. Baba mdogo akiomba kivyake, weka pingamizi kabla hajateuliwa. Uamuzi usiporidhisha, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Msimamizi akishapata fomu namba 4, yaani barua ya usimamizi, hajawa mwenye mali. Ana miezi minne kupeleka mahakamani orodha kamili ya mali na madeni, fomu namba 5, kisha hesabu ya mgawanyo, fomu namba 6. Nyumba na shamba vikiwa na hati, huandikwa kwanza kwa jina lake kama msimamizi, ndipo vihamishiwe kwa warithi. Wengi huishia hatua hiyo ya kwanza, na miaka kumi baadaye watoto wa msimamizi wanaona jina la baba yao kwenye hati wakadhani ni lao. Msitie saini fomu namba 6 mpaka kila mrithi ameshika chake, na fungu la msichana liandikwe kwa jina lake, litunzwe na msimamizi chini ya macho ya mahakama hadi atakapokuwa mtu mzima.

Wallahu a'lam.