Kabla hujanunua Bitcoin, jifunze kwanza kuitoa hela

Juzi usiku nimeshafunga kibanda changu cha uwakala wa hela za simu nahesabu floti, meseji ikaingia: "Shikamoo kaka, nipo mwaka wa pili hapa UDOM, bumu limeingia, nataka niweke laki mbili kwenye Bitcoin nianze kidogo kidogo, nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilitaka nikujibu palepale kwa mistari miwili nikaona hapana, hili swali la Bitcoin, hii sarafu ya mtandaoni, naulizwa kila mara na ninyi wa chuo, na kina mama wanaokuja kuweka hela hapa kwangu Nkuhungu nao wananiuliza, acha nilijibu kwa urefu, mana lina historia na mimi na historia yenyewe haijanitoka moyoni.

Jibu nakupa mapema. Ndiyo, weka, ila sio laki mbili, na siku ya kwanza ukinunua, siku hiyohiyo uuze hela irudi kwenye simu yako. Sasa nisikilize kwa nini.

2021 mama yangu aliuza alizeti, yupo Mlali kule Kongwa, akanitumia laki sita nimchukulie bati huku mjini. Nyumba yake ilikua na bati kuukuu zimejaa matundu ya misumari na alitaka mpaka mvua za Desemba zianze ziwe zimeshapigwa juu. Hela ikakaa kwenye simu yangu kama wiki mbili hivi. Mwishoni mwa Agosti akaja rafiki yangu, na nikisema rafiki namaanisha tulikaa chumba kimoja chuo tukala sahani moja, akanionyesha apu, akasema hii ni Bitcoin, inatredi yenyewe, inakupa asilimia 2 kila siku, yeye ameshaingia na amemuingiza shemeji yake. Nikaweka laki sita yote, nikawaza ikizaa mara mbili nanunua bati za mama na mimi nabaki na mtaji.

Kila asubuhi kabla hata sijapiga mswaki nafungua, namba imepanda. Mama akipiga namwambia mzigo haujafika dukani mama, vumilia. Nilimdanganya mama yangu mwezi na nusu mzima.

Katikati ya Oktoba salio likasoma milioni moja na laki mbili, nikabonyeza kutoa. Ikaniambia nilipe kwanza laki na nusu ya uhakiki wa akaunti. Nikakopa kikoba, nikalipa. Ikasema sasa bado kodi, laki mbili. Nikauliza kwenye grupu, mbona nadaiwa kodi kabla sijashika hela, nikatolewa kwenye grupu. Baada ya siku chache apu ikawa haifunguki kabisa. Yule rafiki akasema na yeye kaliwa, inawezekana ni kweli, lakini mpaka leo tukipishana pale Sabasaba ananisalimia kama hakuna kilichotokea na neno samahani sijawahi kulisikia.

Krismasi nikaenda nyumbani. Usiku mvua ikashuka, nikasikia tone, tone, kwenye kitu cha chuma, nikawasha tochi ya simu nikaingia chumbani kwa mama. Ameweka karai katikati ya kitanda, na yeye amelala pembeni amejikunja ili asilimwage. Hakuamka. Asubuhi alimwaga lile karai kwenye mche wa mpapai, akanipa chai, habari ya bati hakuniuliza na hajawahi kuniuliza mpaka leo.

Kitu kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadae. Mwezi Novemba ule ule wa 2021, Bitcoin yenyewe ya kweli ilifika karibu dola 69,000 kwa moja, yaani ilikua inapanda wakati mimi naibiwa kwa jina lake. Hela ya mama haikuwahi kununua hata satoshi moja, na satoshi ni kipande kimoja kati ya milioni mia moja za Bitcoin moja. Ilienda kwa mtu, mtu akaichukua, zile namba alikua anaziandika tu kwenye skrini.

2022 sina cha kusimulia, nililipa deni la kikoba.

Mwisho wa mwaka huo FTX, kampuni kubwa ya kununulia na kuuzia hizi sarafu, ikaanguka huko nje, Bitcoin ikashuka mpaka chini ya dola 16,000, kila mtu akawa anasema imekufa. Mimi nilisoma zile habari kwa jicho lingine, mana nilichokiona ni kwamba wale Wazungu na elimu yao yote na wao walibonyeza kutoa wakakuta haitoki, sawasawa na mimi. Mwenye kampuni, Sam Bankman-Fried, alifungwa miaka 25 mwezi Machi 2024. Wa kwangu mimi sijui hata sura yake.

Januari 2023 nikaanza upya na elfu ishirini. Nikanunua USDT, sarafu nyingine ya mtandaoni ambayo thamani yake inakwenda na dola, kwa njia ya mtu kwa mtu, yaani unamtumia muuzaji hela kwa simu na yeye anakuachilia mzigo, nikabadili kuwa Bitcoin, na jioni ileile nikauza vyote. Ikarudi elfu kumi na tisa na mia kadhaa. Nilikaa nje ya kibanda naiangalia ile meseji ya "umepokea" muda mrefu kuliko nilivyowahi kuliangalia lile salio la milioni. Kesho yake nikairudisha, na kila mwezi nikaongeza elfu ishirini, bei iwe juu iwe chini mimi hainihusu.

Desemba 2024 Bitcoin ikapita dola 100,000. Laki nne na themanini yangu ya miaka miwili ikawa milioni moja na kidogo, nikatoa yote. Bati 28 za geji 30, misumari, na nauli ya fuso mpaka Mlali. Mama alipitisha kiganja juu ya bati la kwanza, akalipiga kwa kidole kusikia linavyolia, akasema haya. Najivunia ile siku na sitaki kuficha.

Ila usinielewe vibaya kijana, ingeweza kuwa kinyume, iliwahi kushuka kutoka 69,000 mpaka 16,000 kwa mwaka mmoja na inaweza kushuka tena kesho. Na hapa nchini huna pa kulia. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba hizi sarafu sio fedha halali. Juni 2021 Rais Samia akaiambia Benki Kuu ijiandae nazo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio asilimia 3, lakini ukituma kwenye anwani isiyo sahihi hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga wakurudishie.

Kwa hiyo jifunze kutoa. Mtu akikuahidi faida ya kila siku, kimbia. Akikwambia lipia ili utoe, ujue hela yako imeshaondoka, usimuongezee hata mia. Ukiuza, usiachilie mzigo kwa sababu umeona meseji, cheki salio lako mwenyewe mana meseji za kughushi zipo nyingi, mimi ni wakala naziona. Yale maneno 12 ya siri ya pochi yako, yaani apu unayotunzia Bitcoin, andika kwenye karatasi, asiyajue rafiki wala mchumba wala mtu wa grupu. Na tena narudia, jifunze kutoa, mana kuweka hata mtoto anaweza.

Sasa laki mbili yako. Laki na themanini ni ya kula mpaka bumu lingine, iache hapohapo, mwezi wa njaa chuoni naujua. Chukua elfu ishirini tu, nunua, uza, toa. Ukimaliza nitumie skrinishoti ya meseji ya hela ilivyoingia kwenye simu yako. Ya salio la kwenye apu usinitumie, hiyo sitaifungua.