Kabla Hujanunua Simu za Wahudumu wa Afya ya Jamii

Wiki jana msomaji mmoja aliniandikia kwa furaha. Shirika lake hapa Nairobi limepata ufadhili wa simu 100 za wahudumu wa afya ya jamii katika kaunti ya Kitui, na anataka kujua anunue simu gani kwenye maduka ya simu pale Luthuli. Hongera kwake. Najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto kama hiyo, kwa hiyo namjibu hadharani, tena kwa ukali kidogo, maana inauma kuona simu nzuri zikiishia kuwa tochi na redio huko mashinani.

Swali la simu ni jepesi. Chukua Android ya karibuni, RAM ya GB 3 au zaidi, nafasi ya GB 32, betri ya 5,000 mAh, laini mbili, kava ya mpira na protekta ya kioo. Modeli iwe moja kwa wote, ili chaja zifanane na atakayefundisha asihangaike na menyu za kila aina. Ongeza simu 5 hadi 10 za akiba kwa kila 100. Hapo umemaliza.

Swali gumu ni hili: mhudumu akituma taarifa kwamba mtoto anapumua kwa kasi, nani anaiona, akiwa wapi, na anafanya nini kabla jua halijatua?

Mwaka 2008, hospitali ya St. Gabriel's huko Namitete, Malawi, ilianza kuwapa wahudumu wake wa vijijini simu za kawaida zilizokwisha kutumika. Upande wa hospitali kulikuwa na kompyuta moja yenye programu ya FrontlineSMS, inayofanya kazi bila intaneti. Vifaa vilikuwa duni kuliko simu iliyo mfukoni mwako sasa hivi. Lakini SMS ilipofika, kulikuwa na mtu wa kuisoma na kuijibu. Mhudumu akituma taarifa mara kadhaa bila kujibiwa, ataacha kutuma, na hakuna semina itakayomrudisha.

Kwetu Kenya ngazi ya kupokea na kujibu ipo tayari. Mhamasishaji mmoja wa afya ya jamii (ndiye huyo huyo mhudumu, kwa jina la serikali) huhudumia kaya kama 100, na wahamasishaji kama 10 huwa chini ya msimamizi mmoja anayelipwa na kaunti. Tangu Septemba 2023 serikali imekuwa ikiwagawia wahamasishaji wapatao 100,000 mikoba ya vifaa na simu zenye eCHIS, mfumo wa kitaifa wa kidijitali wa taarifa za afya ya jamii. Kwa hiyo kabla ya kumlipa kijana wa Ngong Road akuundie programu mpya, nenda ofisi ya afya ya kaunti uulize pengo liko wapi. Ukileta programu yako pembeni, mhudumu yule yule atabeba simu mbili na kuandika mtoto yule yule mara mbili, ilhali malipo yake kwenye mpango wa taifa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mara nyingi utaambiwa pengo ni chaji, bando na mtu wa kujibu. Weka pesa zako hapo.

Anza na zahanati. Inunulie simu ya zamu inayobaki pale kituoni, yenye namba isiyobadilika. Usitumie namba binafsi ya muuguzi, maana akihamishwa anaondoka nayo. Andika kwenye karatasi ukutani nani anaishika Jumamosi na Jumapili. Mgonjwa akipewa rufaa kwa fomu ya MOH 100, mhudumu apige au atume ujumbe kwenye simu hiyo, na kituo kimjibu: amefika au hajafika. Jibu hilo moja lina uzito kuliko grafu zote utakazompelekea mfadhili.

Sasa chaji, kwa sababu hapa ndipo bajeti nyingi hudanganya. Pawabenki ya 10,000 mAh haichaji simu ya 5,000 mara mbili. Ni mara moja na nusu hivi, kwani nguvu nyingine hupotea inapopandisha volti. Paneli ya jua ya wati 10 hutoa wati 6 au 7 kwenye jua zuri. Kitui hiyo inatosha. Murang'a au Nyeri mwezi wa Julai, mawingu yakitanda tangu asubuhi, panga kama itachukua siku mbili kujaza pawabenki. Usiunganishe simu moja kwa moja na paneli: wingu likipita chaji inakatika, likiondoka inaanza upya, na kila mara kioo kinawaka na kula betri. Mchana chaji pawabenki, usiku chaji simu. Waya wa chaji ndio huharibika kwanza, kwa hiyo nunua miwili kwa kila mtu.

Bando haliliwi na fomu. Fomu ya maandishi ni kilobaiti chache tu. Linaliwa na masasisho ya programu na video za WhatsApp. Zima masasisho kwenye data ya simu, washa kiokoa data, kisha (hapa wengi husahau) iruhusu programu ya afya itumie data bila kuzuiwa na uiondoe kwenye udhibiti wa betri. Usipofanya hivyo, taarifa zinaweza kulala kwenye simu mpaka mhudumu aifungue tena programu. Kuingia kwenye programu mara ya kwanza kunahitaji mtandao mzuri, kwa hiyo kufanyike siku ya mafunzo. Tarehe ibaki ya kujiweka yenyewe. Simu yenye tarehe mbovu itakosea kupanga ziara za mama mjamzito. Na mwonye kila mtu kuhusu kitufe cha "Futa data". Fundi wa sokoni akikibonyeza ili simu iwe nyepesi, kila ambacho hakijapanda kwenye seva kimepotea.

Ukitumia SMS za kukumbusha, jihadhari na ritifaa. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukiandika "kung'atwa na nyoka" kwenye kompyuta, ile alama ya ng' huweza kugeuzwa kuwa ya kupinda, na alama hiyo moja inashusha kikomo hadi herufi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa vipande vitatu, na unalipia vitatu. Andika ritifaa iliyonyooka na uache emoji.

Kwenye fomu, weka mipaka ya namba. Mzingo wa mkono wa juu wa mtoto chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa wastani. Mtu akiandika 115 kwa kusoma milimita, programu imkatalie papo hapo. Pumzi zihesabiwe dakika nzima, mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi ni kasi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne atakosea, na kosa hilo linamwangukia mtoto.

Kila Jumatatu msimamizi aangalie nani hajatuma lolote kwa siku saba, ampigie, na aanze kwa kuuliza kama simu na chaji ziko sawa. Akianza kwa kufoka, wiki ijayo atapelekewa data ya kubuni.

Majina na picha za wagonjwa yasionekane kwenye kikundi cha WhatsApp hata mara moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kila simu iwe na PIN. Siku ya kuzigawa, bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, uiandike kwenye daftari pamoja na namba ya laini na jina la mhudumu. Simu ikiibwa, akaunti ifungwe kwanza kwenye seva, kisha laini izuiwe, kisha mhudumu aende kituo cha polisi achukue namba ya OB (daftari la matukio). Apewe simu ya akiba wiki hiyo hiyo, na asikatwe pesa.