Bluu iliyokoza au krimu? Tumekwama chumbani

SWALI: Habari za kazi, naombeni msaada jamani. Chumba chetu cha kulala kina dirisha moja, mimi nataka bluu iliyokoza kabisa, mume wangu anataka krimu. Tumejaribisha kwa kupaka viraka viwili vimepakana ukutani, sasa bluu naiona kama nyeusi na krimu imekuwa njano njano, mpaka zote zimenitoka moyoni. Tushike ipi?

JIBU: Dada, msizikatae bado, hapo ni macho yanawachezea. Rangi mbili zilizo mbali hivyo ukizibananisha kila moja inaisukuma mwenzake, ya giza inazidi kuwa nzito na nyepesi inavuta unjano. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliliandika jambo hili tangu 1839, alikuwa anasimamia utiaji rangi nyuzi kiwanda cha Gobelins pale Paris, wanaofuma mapazia ya picha ya kutundika ukutani, watu wakawa wanalalamika nyuzi nyeusi zimepauka, kumbe nyuzi hazina kosa, ni rangi iliyokaa jirani yake.

Kwahiyo chukueni manila mbili kubwa, kila moja rangi yake, mikono miwili (yaani mpake mara mbili), pembeni acheni mpaka mweupe, na msihukumu mpaka ikauke kabisa maana rangi mbichi inadanganya. Halafu muitazame moja moja, nyingine ifichwe kabisa, asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka, karibu na dirisha na kwenye kona ya mbali. Usiku ndo muhimu zaidi kwa chumba cha kulala, balbu ya njano (kama kelvini 2700 hivi, hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga) inaipa krimu uhai lakini bluu inapoozeshwa, ukiweka balbu nyeupe mambo yanageuka.

Kwa dirisha moja mimi ningepaka krimu kuta tatu, bluu ukuta mmoja tu wa kichwani mwa kitanda. Ukuta wenye dirisha usiuguse na bluu, mwanga wa nje utaufanya uonekane shimo la giza. Bluu iwe isiyong'aa, ile ya kung'aa inaanika kila bonde la plasta, na mjiandae kwa mkono wa tatu. Anzeni na krimu, ikishakauka vizuri bandikeni utepe wa karatasi pale kwenye kona rangi zinapokutana, ndo mpige bluu.