Jibu: Sera ya chuo inasema hivi, mkataba wa jarida unasema vile

Ndugu, umeuliza ufuate lipi: sera ya chuo inayokubakizia haki, au mkataba wa jarida unaotaka uhamishe hakimiliki yote na usubiri miezi 12 kabla ya kuweka makala mtandaoni.

Usisaini kwanza. Sera za aina hii, kama ile ya Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Harvard ya mwaka 2008, hufanya kazi kwa kutangulia. Unakipa chuo leseni isiyo ya kipekee (ruhusa ya kutumia makala isiyozuia wengine kupewa ruhusa pia) kabla hujafika kwa mchapishaji, kwa hiyo haki atakazopokea baadaye tayari zina leseni hiyo juu yake. Tatizo ni kwamba ukisaini ahadi inayopingana nayo, wewe binafsi unaweza kuonekana umevunja mkataba hata kama leseni ya chuo ingali hai. Watu wa sera hawapendi kulisema hili kwa sauti.

Mwandikie mhariri leo, umweleze kuwa mswada uliokubaliwa una leseni ya awali, na uombe kipengele cha kusubiri kiondolewe. Makala ijayo, weka tamko hilo tangu unapowasilisha. Na utakachoweka mtandaoni ni mswada baada ya mapitio ya wataalamu, si PDF iliyopangwa na jarida!

Waandishi wenza wajulishe mapema.

Jarida likigoma, mkutubi akuangalizie kama sera inaruhusu msamaha kwa makala moja, yaani makala hiyo isibanwe na sera. Mimi ningehama jarida. Wakikuelekeza kwenye ada ya uchapishaji huria (malipo ili makala isomwe bure na wote), usilipe kabla mhariri hajakujibu.