Mlipe Fundi Aangalie Kwanza

Mhariri, salamu. Wiki hii mmeuliza: ua wa nyumba ukikataa nyasi na maua, mwenye nyumba amwite fundi wa bustani au ahangaike mwenyewe? Mimi nakaa Bamburi, Mombasa, mwaka wa 11 sasa, na jambo hili limenigharimu.

Jibu langu: mwite, lakini siku ya kwanza mlipe aangalie tu. Asipande kitu.

Mimi nilianza kinyume. Kijana mmoja niliyempata kando ya barabara ya Malindi, pale panapouzwa miche, aliupima ua kwa hatua akataja shilingi 45,000. Akaleta lori la udongo mwekundu, akautandaza, akapanda nyasi za Kikuyu. Wiki tatu ua ulikuwa kijani kitupu, hata majirani wakaja kutazama. Kisha ncha za majani zikageuka manjano, zikawa kahawia, na kufika Januari watoto walikuwa wanacheza kwenye vumbi. Nilimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni, na kila nikizidisha maji, nyasi nazo zikizidi kuungua. Kilichoniuma zaidi ni miche ya asmini aliyoniletea mama mkwe kutoka kwao Lamu. Nayo ilikufa.

Wa pili alikuwa mzee aliyetunza bustani za hoteli miaka mingi. Alikubali kuja asubuhi moja kwa shilingi 3,000. Hakuja na mche hata mmoja, alikuja na sururu. Akachimba mashimo matatu, na hata futi moja haijafika sururu ikagonga jiwe la matumbawe. Akaomba maji ya kisima, akayaonja, akatema.

"Mama, unamwagilia chumvi," akaniambia.

Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Kwa hiyo mvua tunayo. Tatizo ni kwamba chini yetu ni matumbawe ya kale yenye vitundu, maji yanapita moja kwa moja, na udongo wa juu ni mchache mno. Nyasi za Kikuyu nazo asili yake ni nyanda za juu zenye baridi. Huku kwetu, kwa joto hili na chumvi ile, hazikuwa na bahati.

Mzee akanikumbusha Haller Park, ile bustani ya miti na wanyama hapa Bamburi, ambako nimepeleka watoto mara nyingi bila kufikiria chochote. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu. René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kiwanda hicho, alianza kupanda miti mwaka 1971, na mti uliofaa kuliko yote ukawa mvinje. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayala na kuyageuza mboji. Udongo wa pale ulitengenezwa, na haukutengenezwa kwa wiki tatu.

Baada ya hapo kazi nyingi nilifanya mwenyewe. Nilitia samadi na majani makavu kwenye matuta kando ya ukuta, nikafunga mifereji ya paa na kununua tangi. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 10, ni karibu lita 1,000, maji matamu. Yale ya kisima nimewaachia mnazi na bogenvilia, wanaoyavumilia. Nyasi za Pemba nilipanda Aprili, sehemu ndogo tu yenye kivuli, na kwingine nikamwaga kokoto.

Kuna kazi moja ambayo singegusa: maji ya mvua yakielekea kwenye msingi wa nyumba au yakituama karibu na shimo la choo. Hapo tafuta mtaalamu anayejua kupima mteremko, umlipe kazi yote.

Fundi mwingine yeyote, msikilize anachouliza akifika. Fundi akikutajia bei kabla hajauliza utamwagilia maji gani, usimpe hela.

Asmini nimepanda upya, kwenye vyungu vikubwa barazani, na hainywi ila maji ya tangi. Mwezi uliopita mama mkwe alichuma ya kutosha kufunga vikuba viwili, kimoja chake, kimoja changu.