Mbona Mchoraji Hana Brashi Mkononi?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kalenda ya zamani nimekuta picha ya mzee mwenye upara, aliyevaa nguo nyeusi, akiinua pazia jekundu. Maelezo yanasema ni Charles Willson Peale, mchoraji wa Marekani, aliyejichora mwenyewe. Kama ni mchoraji, mbona hana brashi mkononi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, brashi zipo, ila ameziweka kando. Tazama mezani, upande wa kulia wa picha, utaziona pamoja na ubao wake wa kuchanganyia rangi. Peale aliichora picha hiyo kwa rangi za mafuta mwaka 1822, akiwa na umri wa miaka 81, baada ya kuombwa na wadhamini wa makumbusho aliyoyaanzisha mwenyewe mjini Philadelphia. Waliyemtaka pichani ni mwanzilishi, naye akajiweka mlangoni kama mwenyeji anayekaribisha wageni, mkono mmoja ukiinua pazia na mwingine ukiwa umekunjuliwa kiganja.

Nyuma ya pazia ni ukumbi mrefu wa ghorofani, katika jengo lilelile ambamo Tangazo la Uhuru wa Marekani lilipitishwa mwaka 1776. Makabati ya ndege waliokaushwa yamepangwa ukutani, na juu yake zimetundikwa picha za mashujaa wa taifa hilo, nyingi zikiwa kazi ya Peale. Kwa hiyo uchoraji wake haukufichwa. Upande wa kulia, pazia limeficha nusu ya mifupa ya mastodoni, mnyama wa jamii ya tembo aliyetoweka zamani, ambayo Peale alisimamia kufukuliwa kwake katika jimbo la New York mwaka 1801. Kwa mbali, mwanamke mmoja ameinua mikono kwa mshangao.

Mimi kinachonivutia zaidi ni mwanga. Wachoraji wengi hujichora uso ukielekea dirishani. Peale ameuacha mwanga utoke nyuma yake, ukang'arisha upara, na uso ukapata ule unaorudi tu. Kwa mzee wa miaka 81, kwenye turubai lenye urefu wa zaidi ya mita 2.6, huo ni ujasiri.

Kama kalenda yako haikukata pembe ya chini kushoto, utamwona pia bata mzinga aliyekufa, amelazwa juu ya sanduku la zana, akingoja kukaushwa.