Mashine ya barafu imenyamaza: je, kweli ni bodi?

SWALI: Kwako Fundi, nina mashine ndogo ya kutengeneza barafu ninayoiweka juu ya meza ya jikoni hapa South B, Nairobi, na kwa miaka miwili imenifaa sana, hasa Jumamosi wageni wanapokuja na sharubati ya ukwaju inapohitaji kupozwa. Juma lililopita stima ilipotea jioni, ikarudi, ikapotea tena na kurudi, yote hayo kwa muda usiozidi dakika moja. Tangu siku hiyo taa za mashine zinawaka, feni inazunguka na pampu inavuta maji, lakini kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupozea, imenyamaza na maji yanabaki maji. Fundi wa mtaani aliifungua, akaichungulia, akasema bodi, yaani ule ubao wa saketi unaoiongoza mashine, imeungua. Bei anayotaka ni karibu nusu ya bei ya mashine mpya. Je, nikubali? Na mtu asiye fundi anaweza kuibadilisha mwenyewe?
Msomaji, South B

JIBU: Mama, pole kwa usumbufu. Usikubali bado. Mwulize kwanza huyo fundi amejuaje kwamba ni bodi, na kama jibu lake ni kwamba ameiona kwa macho, mwombe arudi na mita ya kupimia umeme, kwa sababu dalili ulizozieleza zinaweza kutokana na bodi, lakini zinaweza pia kutokana na vitu ambavyo havimo kwenye bodi hata kidogo.

Taa, feni na pampu zikifanya kazi, maana yake ni kwamba bodi inapata umeme na sehemu yake kubwa ingali hai. Wanaobaki kushukiwa ni rilei, yaani ile swichi ya sumaku iliyo ndani ya kijisanduku cha plastiki ambayo bodi huitumia kuiwashia kompresa; kifaa cha kuanzishia na kile cha kukinga joto, vilivyobanwa ubavuni mwa kompresa; kihisi cha joto; na kompresa yenyewe. Mchezo wa stima uliousimulia huumiza hasa rilei na vifaa vya ubavuni. Kompresa ikizimwa ghafla, shinikizo la gesi hubaki kubwa upande mmoja wa mabomba, na huhitaji dakika 3 hadi 5 kusawazika. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota hushindwa kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida, na ncha za rilei huungua au kugandana. Bodi nyingi zimepangwa kusubiri dakika chache kabla ya kuiwasha kompresa tena, lakini si zote.

Washa mashine wakati jikoni kumetulia, usogeze sikio, na usubiri dakika 5 au zaidi. Ukisikia mlio mdogo, "tik", ujue rilei imepokea amri. Hapo fundi, wala si wewe, apime umeme unaofika kwenye kompresa. Akikuta volti 240 na kompresa haizunguki, bodi haina hatia na kuibadilisha ni kutupa pesa. Asipokuta umeme ingawa mlio umesikika, basi ncha za rilei zimeungua, na rilei huuzwa peke yake: fundi wa elektroniki pale Luthuli Avenue anaweza kuing'oa na kuchomelea nyingine, mradi volti za koili yake (waya uliozungushwa ndani yake kutengeneza sumaku), ambazo mara nyingi ni 12, na ampea za ncha zake zilingane na za ile ya zamani. Gharama yake haikaribii hata kidogo bei uliyotajiwa.

Kusipokuwa na mlio wowote, shuku kihisi kabla ya kushuku bodi, maana bodi inayopewa habari za uongo kuhusu joto hukataa kuanza, na ina haki kukataa. Kihisi ni kijiti chembamba chenye nyaya mbili. Mashine ikiwa imechomolewa ukutani, kitoe kwenye bodi na ukipime kwa mita: cha aina inayotumika sana husoma takribani omu 10,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye joto la nyuzi 25, na kikitumbukizwa ncha yake ndani ya bilauri ya maji yenye vipande vya barafu (samahani, itabidi ukaombe kwa jirani) namba hupanda taratibu hadi karibu na 30,000. Kikisoma sifuri, au kisiposoma chochote, umempata mgonjwa wako.

Sasa tuseme imethibitika kuwa ni bodi: kapasita, yaani vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zimevimba vichwa, njia za shaba zimekatika kwa moto, au mende wamehamia. Hapo sifanyi mzaha. Mende hupenda joto la bodi, na uchafu wao ukishika unyevu hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Nimefungua vyombo vingi vya jikoni mjini hapa na kukuta ukoo mzima. Bodi ya namna hiyo wakati mwingine hufufuka kwa kusafishwa kwa spiriti na brashi laini, kisha kuachwa ikauke kabisa.

Ukilazimika kununua, usinunue kwa jina la mashine tu. Soma namba iliyochapishwa kwenye bodi yenyewe, kwa kuwa mashine mbili za jina moja huweza kuwa na bodi mbili tofauti, kisha hesabu soketi zake na ulinganishe na picha kabla ya kulipa. Kuhusu bei, mimi nisingetoa nusu ya bei ya mashine mpya kwa ajili ya mashine ya mezani yenye umri wa miaka miwili, isipokuwa muuzaji akubali kuipokea tena isipofanya kazi.

Kazi ya kubadilisha waweza kuifanya mwenyewe. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Subiri dakika kumi na bado usiguse upande wa chini wa bodi, kwani kapasita kubwa ya kupokea umeme wa volti 240 huweza kuhifadhi hadi karibu volti 340 hata baada ya kuchomolewa. Piga picha tatu au nne, bandika kila waya kipande cha utepe chenye namba, kisha vuta kiunganishi kwa kushika plastiki yake, wala usivute waya. Waya wa kijani na manjano, ambao ndio waya wa ardhi, urudi kwenye skrubu yake ileile ya bati, maana mashine hii ina maji na wewe una mikono yenye maji.

Kabla ya kuiwasha, tafuta kilichoiua ile ya kwanza. Pima koili ya vali ya gesi moto, inayodondosha barafu: ikisoma karibu na sifuri, bodi mpya itaungua siku hiyohiyo. Tazama pia alama za matone juu ya mahali bodi inapokaa. Na fundi akikwambia njiani kwamba gesi nayo imeisha, mwulize sababu, kwa kuwa kubadilisha bodi hakugusi mabomba. Tena kibandiko cha nyuma kikisema R600a, gesi hiyo inawaka moto na si ya kuchezewa na mtu mwenye mtambo wa kuchomelea jikoni mwako.

Barafu ya mizunguko ya kwanza itupe. Kisha nunua kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme kwa dakika kadhaa stima inaporudi.

SWALI: Shemeji yangu alituletea mashine ya barafu kutoka Marekani. Tuliichomeka, ikatoa mlio na harufu ya kuungua, ikazima. Tunaweza kuiwekea bodi ya volti 240?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Haitasaidia, ndugu yangu, kwa sababu kompresa, feni na pampu zote zimetengenezewa volti 120. Lakini usiitupe. Kwenye bodi nyingi, karibu na waya wa kuingilia, pana fyuzi na kidude cha duara kama kitufe cha shati, kinachoitwa varista, ambacho kazi yake ni kujitoa mhanga volti zinapozidi. Fundi akikuta ni hivyo viwili tu vilivyokufa, avibadilishe kwa vya kipimo kilekile, nanyi mtafute transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa mara tatu au nne ya wati zilizoandikwa kwenye mashine, kwa ajili ya ule mvuto mkubwa kompresa inapoanza. Transfoma haibadilishi mapigo ya umeme, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde na kwao 60, kwa hiyo mota zitazunguka polepole kidogo na kupata joto zaidi. Someni kibandiko: kikitaja 60 peke yake, iguseni kompresa kwa mkono kila baada ya saa moja, na ikichoma kiganja, izimeni.